Kabla Hujavaa Sare ya Uuguzi

Igoki wangu,

Barua huanza na salamu, lakini mimi sitakuuliza hali. Nimekuona asubuhi hii ukikoroga chai ambayo ilikuwa imeshapoa, na hiyo hali yako ndiyo imenifanya niache miche bila maji na kukaa hapa jikoni na kalamu. Wewe umeshuka Karurumo kuchukua sare kwa fundi. Baba yako amekwenda kuazima viti vya kanisa kwa ajili ya watu wa kesho. Githeri iko motoni, na mahindi ya safari hii ni magumu, hayataiva kabla hujarudi. Barua nitaiweka chini ya mto wako. Isome leo. Usiibebe mpaka chuoni ndipo uifungue, huko itakuwa imechelewa.

Mambo ya sweta na nauli na nani atakupokea stendi, baba yako amekuambia mpaka masikio yamekuuma. Sitarudia. Mimi nataka tuongee juu ya kazi, mimi niliyeachia shule darasa la nne, na kuandika vizuri nikafundishwa na ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa tayari mama wa watu. Pale nitakapokosea herufi wewe soma tu nilichotaka kusema.

Unakwenda kusomea uuguzi, na mimi ninaogopa kwamba tunakutuma tukiwa tumefumba macho.

Wewe ulizaliwa ukiwa mtu mwingine tayari. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, ndivyo tunavyofanya, na mimi sina neno juu ya hiyo desturi, hata mimi nimebeba jina la cucu yangu, mama wa baba. Lakini cucu yako Igoki hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mkunga kabla hajazeeka. Mteremko huu wote, kutoka kwetu mpaka mtoni na kuvuka, ukiuliza nani alimkata fulani kitovu, ni yeye. Siku ulipozaliwa wanawake waliingia hapa wakikushika vidole na kuvitazama. Walisema, mikono ni ile ile, mkunga amerudi. Ulipoanza kutembea wazee walikuwa wanakuuliza barabarani, "Mkunga, leo umezalisha wangapi?" na wewe unajificha nyuma ya nguo yangu.

Na baba yako. Unajua hajawahi kukugombeza hata siku moja. Ndugu zako wakivunja kitu wanapigwa, wewe unaambiwa, "Pole, mama." Atamgombezaje mama yake? Nilikuwa ninafurahi kuona mtoto wangu anaheshimiwa hivyo. Sikuona upande wa pili wake. Hakuna mtu anayemuuliza mama yake, "Ukikua unataka kuwa nani?" Mama yako unamjua tayari. Wewe hukuulizwa kwa sababu ulikuwa unajulikana.

Mimi nilikuwa nakuona, na nilinyamaza.

Niliona vile tukichinja kuku wa Krismasi unakwenda kukaa chooni mpaka manyoya yaishe kunyonyolewa. Harusi ya shangazi yako, kelele ya ngoma ilipozidi, tulikutafuta tukakupata ndani ya ghala, umelala juu ya magunia, umeziba masikio na kunde. Kunde, Igoki! Tulizitoa kwa kijiti cha kiberiti, watu wote wanacheka, na wewe ukacheka pia ili wasikuone. Jirani wakigombana usiku, asubuhi ni wewe uliyekuwa na homa. Na baba yako alipoanza kuumwa na kidonda cha tumbo, kabla yeye hajasema, wewe uliniambia, "Mami, baba anakaa kama mtu aliyebeba maji." Nilikuambia uache maneno. Baada ya mwezi alilazwa.

Watu walipoona hayo walisema, huyo ana huruma, basi mambo ni yale yale, muuguzi kabisa. Na mimi nikawa wa kwanza kuitikia.

Sasa nikuambie juu yangu, maana kuna kitu sijawahi kukueleza vizuri. Unajua kwamba kwetu ni Ishiara na kwamba zamani nilikuwa ninauza ndengu. Unafikiri niliacha kwa sababu niliolewa huku juu. Niliacha kwa sababu nilishindwa.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa soko. Alikuwa anaweza kugombana na wateja watatu, kunyonyesha, na kukuambia nani anaiba pilipili pale nyuma, yote kwa mara moja. Alipoona nimekua alinipa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na gunia na nafasi ya kukaa. Siku ya soko Ishiara ni mbuzi wanalia, makondakta wanaita, wenye dawa za panya wana spika, jua linakupiga kichwani, na mtu akisimama mbele yako unaona usoni kwamba hana kitu na nyumbani kuna watoto. Mimi nilikuwa naona hiyo kila uso. Basi nikimpimia nilikuwa naijaza gorogoro mpaka inamwagika, halafu naongeza viganja. Na yule mnunuzi mkubwa wa lori, ambaye alikuwa na sauti, yeye nilimpa kwa bei yake ili tu anyamaze aondoke. Huruma kwa mnyonge na woga kwa mkali, ukivijumlisha hakuna ndengu inayobaki.

Mama alinisema soko zima likasikia. Aliniambia, "Wewe unauza au unatoa sadaka? Kanisa liko kule." Watu waliangua kicheko. Lakini jioni alinihurumia akasema, utazoea.

Sikuzoea. Nilijaribu hata baada ya kuolewa, nilikuwa ninashuka na kurudi huku na wewe mgongoni. Nilidhani ni uvivu. Nilijiombea niondolewe uvivu. Nikitoka sokoni nilikuwa ninajifunika leso kichwa na kulala chini, sitaki mwanga, sitaki sauti, na wewe mtoto mchanga unalia pale kando, Igoki, unalia na mimi nakusikia na siwezi kuinuka. Cucu yako ndiye alikuwa anakuja kukuchukua. Kazi ile ilikuwa inakula mpaka sehemu yako.

Nilipoanzisha miche pale chini kando ya kijito, baba yako alisema ni mchezo. Lakini nilikuwa najaza udongo kwenye karatasi za plastiki, natia mbegu, na jioni nikirudi nyumbani nilikuwa bado mtu. Nilishangaa sana. Nilikuwa nimechoka mgongo, magoti, lakini ningeweza kukuuliza umesoma nini na kusikiliza jibu. Mnunuzi anakuja mmoja mmoja, anasema anataka miti ya mikima ishirini, tunahesabu, anakwenda. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba kuchoka ni namna mbili, na kwamba mimi sikuwa mvivu. Nilikuwa nimewekwa mahali pasipo pangu, kama mtu aliyepanda chai kule kwenye joto la Ishiara halafu anaipiga kwa sababu imekauka.

Ungefikiri mama aliyejifunza hiyo angeielewa kwa mtoto wake. Hapana. Niliisahau siku ile ile nilipoona una alama za kuingia chuo cha uuguzi.

Kumbuka ile miezi ya mvua ulipomaliza kidato cha nne, ulipokwenda kusaidia kwa hospitali ya misheni. Tulisema ni nzuri, aonje. Wiki za kwanza ulirudi ukisimulia. Halafu ukaacha kusimulia. Halafu ikaja ile siku ya mtoto aliyeungua na uji. Hukuniambia, niliambiwa na mwanamke wa kanisa, kwamba ulimshika mkono mpaka akakata roho, na mama yake akikukwaruza shingo akidhani wewe ni daktari. Uliingia hapa ukasimama kwa karai ukanawa. Ukamwaga maji, ukanawa tena. Nilikuita ukaja kunipukuchulia mahindi ukashindwa kushika gunzi, vidole vilikuwa vinakataa. Jioni baba yako alipiga hadithi zake za ng'ombe na wewe ukacheka kwa sauti, kwa sababu uliona amechoka na ulitaka afurahi.

Nilikuja kitandani kwako. Ulikuwa macho. Ulisema, "Mami, mimi sijui kama naweza hii kazi." Ulisema hivyo, kwa mdomo wako. Na mimi nikakuambia, utazoea.

Neno lile lile nililopewa mimi. Nikakufunika blanketi nikaenda kulala, na nilijiona mama mzuri.

Ulirudi wodini. Na kweli kwa macho ya watu ulizoea, ulinyamaza tu na kukonda. Kuna jioni moja peke yake ninakumbuka ulirudi ukiwa na uso wako. Ulisema wamekutuma siku nzima kusaidia kile chumba cha nyuma, cha kupima damu. Ulikuwa unanieleza huku unasonga ugali, mkono unakwenda mbio. Ulisema yule mzee wa humo haongei, anakupa kioo unatazama kwa ile mashine, na ukitulia unaona vidudu vya malaria vimejificha kama mbegu ndani ya nyanya. Ulisema wewe uliviona pale alipokuwa amepita, na akakuambia utazame tena, na vilikuwepo. "Na mami, mle ndani unasikia saa ya ukutani." Ulilisema hilo la saa mara mbili. Nilikujibu nini? Nilikuuliza kama kesho watakurudisha wodini, kwa wagonjwa wenyewe.

Hiyo ndiyo imekuwa ikinitoboa. Mtu huyo uliyemwona ndani ya kile kioo, aliye na malaria, alisaidiwa na wewe siku hiyo kama vile angesaidiwa na anayemshika mkono. Lakini sisi tuliona kazi ni ile ya mikono na damu, kwa sababu ndiyo ya cucu.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, niliwaacha mkisalimiana na watu nikaenda kwa cucu yako peke yangu. Alikuwa amekaa kwa gunia anapukuchua mbaazi. Miaka imemwinamisha lakini mdomo uko vile vile.

Akaniambia, "Umekuja kuomba kitu. Ungekuwa umekuja kunisalimu ungebeba hata sukari."

Nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, mtoto haendi vizuri na hii kazi."

"Mtoto gani?"

"Wewe. Yule mdogo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikamweleza yote, ya wodi, ya karai, ya vidole. Nilitegemea aniambie hata yeye alikuwa analia mwanzoni. Alipukuchua maganda mengi kabla ya kunijibu.

"Mimi sikuwahi kulia," akasema. "Mwanamke akinifia mikononi, nilikuwa nanawa, nakula, nalala usingizi wangu. Nyinyi mlisema nina huruma kwa sababu nilikuwa nakuja hata usiku wa mvua. Mimi nilikuwa na mikono. Ningekuwa na huruma kama ya huyo mtoto, ningetetemeka, na mikono ingetetemeka, na wewe ungefia kwenye uzazi, hungekuwa umekaa hapa."

Nikamuuliza mbona hakusema miaka hii yote watu wakimwita mtoto mkunga.

"Kuna mtu aliniuliza? Mlikuwa mnanifurahia." Halafu akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Huyo amechukua pua yangu tu, na hata pua ni ya baba yake zaidi."

Nilimwomba amwambie baba yako. Alikataa. Alisema, "Ni mwanangu, lakini ni bwana yako. Mwambie wewe." Ila alikubali jambo moja. Kesho atakapokutemea mate ya baraka kifuani mbele ya watu, hatasema uende ukaendeleze kazi yake. Atasema, kazi yangu nilifanya ikaisha, wewe fanya yako. Alisema lisemwe kwa sauti ili wote walioko walisikie, halafu akaniuliza tena kuhusu sukari.

Jana nilimwambia baba yako. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mama mwenyewe amesema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Aliporudi alisema tu, "Nimeshaambia watu." Na leo amekwenda kuazima viti. Sikufichi, sijui anafikiria nini. Nafikiri anaogopa kukupoteza mara mbili, wewe na mama yake ndani yako. Usimkasirikie. Atahitaji muda wa kukujua kama mtu mgeni.

Na mimi pia usiniamini yote. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikiandika hapa. Sijui kama ninakuona wewe au ninajiona mimi. Labda wewe una nguvu ambayo mimi sikuwa nayo, na mwaka wa pili vidole vitatulia, na utakuwa muuguzi ambaye wagonjwa wataomba aje yeye. Wako watu laini ambao wanafanya kazi ngumu, nimewaona. Mama mwoga anaweza kumrudisha mtoto kwenye leso ya mgongoni na kuita hayo mapenzi. Nimejiuliza hivyo nikiweka kuni, nikijaza udongo, na sijapata jibu.

Kwa hiyo sikuambii acha. Nakuambia tu vile nilivyojifunza mimi kuipima kazi. Usiulize inaheshimiwa vipi, watu huheshimu leo na kesho wamesahau. Usitafute ile isiyouma, hakuna, hata miche huliwa na funza nikalala bila kula. Jitazame jioni. Kama kazi imekuchosha mwili na bado ukimwona mtu unafurahi kumwona, hapo kaa. Kama kila jioni unataka kuziba masikio na kunyamazisha wanaokupenda, hiyo inakumaliza, hata ikiwa ni kazi ya Mungu. Angalia pia sauti ya mkubwa wako. Mwenzako anaweza kusemwa vibaya asubuhi akasahau kwa chai ya saa nne, wewe utaibeba mpaka Alhamisi. Huo si ubaya wako, lakini ujue, usiseme "ni mimi mbaya" ukaendelea kukaa.

Na usijione bora kuliko wengine kwa sababu unaumia haraka. Mimi nilijiona hivyo wakati fulani, kwamba mama yangu ni jiwe na mimi ndiye mwenye moyo. Lakini yule jiwe alitulisha, na mwenye moyo alimwacha mtoto akilia. Unajua pia wewe ukiumizwa hunyamaza siku nyingi, na kunyamaza kwako kunakata kuliko matusi. Nenda pole na hilo, popote utakapokuwa.

Sasa utaniuliza kwa nini sikukuambia haya kwa mdomo, na tunalala nyumba moja. Ni kwa sababu ungenitazama usoni. Juzi nilikuuliza kama unafurahia kwenda, ukanitazama kwanza, ukaona ninachotaka, ndipo ukasema, "Nafurahi, mami." Umefanya hivyo maisha yako yote, kwangu na kwa baba yako. Unamsoma mtu halafu unampa alichokuja kuchukua. Safari hii sitaki unisome.

Kesho watu wataanza kufika mapema. Wanawake wa kanisa wataimba, cucu atakubariki, basi litapita. Kabla ya hayo nitakuwa hapa jikoni napakua chai. Uje peke yako. Ukiwa unakwenda, uniambie unakwenda, na huko chuoni tafuta mtu wa kumuuliza juu ya kile chumba cha damu, kama kuna njia ya kuhamia, kabla hawajakuzoesha. Ukiwa hutaki kwenda mwaka huu, sema tu, "Mami, bado." Usijaribu kuwaeleza wale watu, utatetemeka. Mimi nitatoka nje niwaambie ni mimi nimekuzuia, kwamba nimekataa mtoto wangu aende. Watasema Mama Igoki ana wazimu, mtoto amepata nafasi na yeye anamshika miguu. Waseme. Chai watakunywa na viti watarudisha wenyewe. Nilisemwa na soko zima la Ishiara na bado niko hai.

Lolote utakalosema, liseme kutoka mlangoni. Mimi nitakuwa nimegeukia moto, na sitageuka mpaka umalize.

Mama yako